Anayebaki na mtoto usiku hakuwepo kliniki

Tafiti za nchi zenye kumbukumbu nzuri za hospitali hazipishani sana. Katika kila watoto 100,000 ambao hawajatimiza mwaka mmoja, kati ya 15 na 40 hivi huumia ubongo kila mwaka kwa sababu mtu mzima amewatikisa kwa nguvu au amewabamiza kichwa. Utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2000 ulipata watoto 24.6. Katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, watafiti waliohesabu watoto waliolazwa chumba cha uangalizi maalumu au waliofariki mwaka 2000 na 2001 walipata karibu 30 kwa wasiotimiza mwaka, na chini ya wanne kwa waliokuwa katika mwaka wa pili wa maisha.

Ukisoma haraka, unaweza kuipita hesabu hiyo. Thelathini katika laki moja ni wachache kuliko wanaougua nimonia, kuhara au magonjwa mengine ya utotoni. Lakini nchini Marekani jeraha hili ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya vifo vinavyotokana na ukatili wa kimwili kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Robo hivi ya watoto wanaofikishwa hospitali nalo hufariki. Katika wanaopona, wengi hubaki na upofu, kifafa, mtindio wa ubongo au uzito wa kujifunza ambao huonekana miaka kadhaa baadaye, mtoto anapoanza shule na mwalimu anashangaa mbona hashiki kitu. Ni jeraha la sekunde chache ambalo familia hulibeba kwa miaka.

Nina ugomvi na mambo mawili hapa. La kwanza ni hesabu yenyewe, kwa sababu inatufanya tudhani mtikisaji ni mtu wa ajabu anayepatikana mara chache. La pili ni namna tunavyokinga: tunampa onyo mtu aliye mbele yetu kwa sababu ni rahisi kumpata, huku yule anayelihitaji zaidi akiwa kazini, nyumbani au nje ya mlango wa wodi akingoja kubeba mabegi.

Tuanze na hesabu. Mtoto huingia kwenye takwimu za hospitali kwa kupita milango mingi, na kila mlango unabakiza wengine nje. Kwanza lazima aumie kiasi cha kupelekwa hospitali. Kisha daktari lazima awaze jambo ambalo hakuna aliyeleta mtoto atakayemwambia. Mtoto huyu mara nyingi hana jeraha la nje. Hana mchubuko, hana uvimbe, ngozi yake ni safi. Anatapika, hataki kunyonya, analia kwa namna isiyo ya kawaida au amelegea na kusinzia. Dalili hizo zinafanana na ugonjwa wa tumbo, mafua, maambukizi ya damu au homa ya uti wa mgongo, na daktari mwenye foleni ndefu atachukua jibu lililo karibu.

Mwaka 1999, timu ya madaktari nchini Marekani ilirudi kwenye majalada ya watoto 173 waliothibitika kuumizwa kichwa kwa kutendewa ukatili. Watoto 54, karibu theluthi, walikuwa wameshaonwa na daktari baada ya kuumia na wakarudishwa nyumbani na utambuzi mwingine. Kwa wastani ilichukua siku saba ukweli kujulikana. Katika muda huo, 15 kati ya hao 54 waliumizwa tena. Watano katika kundi hilo walifariki, na watafiti waliona kwamba wanne kati yao pengine wangeokolewa kama jeraha lingetambuliwa mapema. Waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukosewa ni watoto weupe na wale wanaoishi na wazazi wote wawili. Daktari hakuwaza kwa sababu familia ilionekana nadhifu. Na hizo ni hospitali zenye vipimo vya picha za kichwa na madaktari bingwa wa watoto. Mahali ambako kipimo cha CT-scan hakipo, mtoto huyu huandikwa degedege, na akifa, huandikwa degedege.

Halafu kuna wale ambao hawafiki popote. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya mahojiano ya simu, bila majina, na akina mama wa majimbo mawili ya Carolina. Waliwauliza jinsi watoto wao wanavyoadhibiwa nyumbani. Asilimia 2.6 ya watoto wa chini ya miaka miwili walikuwa wametikiswa kama adhabu ndani ya mwaka uliotangulia. Uholanzi, utafiti wa mwaka 2004 uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 uliuliza swali la karibu na hilo, na katika wazazi wa watoto wa miezi sita, asilimia 5.6 walikiri kwamba angalau mara moja wamempiga kibao, wamemziba mdomo au wamemtikisa mtoto kwa sababu ya kulia.

Sasa piga hesabu. Asilimia 2.6 ni watoto 2,600 katika kila 100,000. Katika North Carolina, kwa umri uleule wa chini ya miaka miwili, walioonekana hospitali au makaburini walikuwa 17 katika 100,000. Kwa kila mtoto mmoja aliyehesabiwa, kuna zaidi ya 150 ambao mama mwenyewe anakubali walitikiswa. Kutikiswa huko hakukuwa kwa nguvu moja, na wengi wao bila shaka hawakupata madhara yanayoonekana. Lakini tukumbuke aliyejibu ni mama, anajibu mgeni kwenye simu, na anasema yale anayoyajua. Yaliyotokea akiwa hayupo hayamo.

Kwa hiyo, ukiniuliza tatizo hili limeenea kiasi gani, nitakwambia jeraha kubwa ni la nadra, lakini kitendo si cha nadra hata kidogo. Tofauti kati ya viwili hivyo ni nguvu ya mikono, umri wa mtoto na bahati.

Bahati hiyo ni finyu kwa sababu ya jinsi mtoto mchanga alivyoumbwa. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wa mwili mzima, na misuli ya shingo haijapata nguvu ya kukishika. Ubongo wenyewe bado ni laini na una maji mengi kuliko wa mtu mzima. Mtoto akishikwa kifuani na kurushwa mbele na nyuma, kichwa huufuata mwili kwa kuchelewa, na ubongo nao hulifuata fuvu kwa kuchelewa. Mishipa midogo ya damu inayotoka juu ya ubongo kwenda kwenye utando wake huvutika hadi ikakatika, damu ikavuja na kutanda kati ya ubongo na fuvu. Retina, pale nyuma ya jicho, hutoka damu. Nyuzi za neva huvutwa kupita uwezo wake. Zikiumia zile za chini, karibu na shingo, zinazoendesha pumzi, mtoto huacha kupumua kwa muda, ubongo hukosa oksijeni, kisha huvimba ndani ya fuvu ambalo halina pa kuupisha. Uvimbe huo na ukosefu wa oksijeni ndio huharibu zaidi ya damu yenyewe.

Hapa niweke jambo ambalo huwatia wazazi hofu isiyo na sababu. Kumrukisha mtoto magotini huku umemshika vizuri, kukimbia ukiwa umembeba, gari kupita kwenye mashimo, kumbembeleza kwa kumyumbisha, hayo hayaleti jeraha hili. Ni kitendo cha nguvu ambacho mtu yeyote aliyesimama pembeni angekiona na kushtuka. Watafiti wa Ufaransa waliochapisha mwaka 2010 walisoma maelezo ya watu 29 waliokiri mbele ya vyombo vya sheria, na wote walieleza kutikisa kwa nguvu nyingi mno. Lakini kitu kingine katika maelezo yale kinanisumbua zaidi. Zaidi ya nusu walikuwa wamerudia, wengine hadi mara 30, na wengi wa waliorudia walitoa sababu moja: mtoto alinyamaza.

Fikiria maana yake. Mtu amehangaika na kilio kwa saa mbili. Amembeba, amempa maziwa, amebadilisha nepi, ameimba, amezima taa, amewasha taa. Hakuna kilichofaa. Kisha anamtikisa, na kilio kinakatika. Yeye anaona ametulia. Kumbe ni ubongo uliojeruhiwa ambao hauna tena uwezo wa kulia. Kesho yake kilio kikianza, mkono unakumbuka. Mtoto anarudishwa kwenye kitendo kilekile kwa sababu kilionekana kufanya kazi, na ndiyo maana picha za vichwa vya watoto hawa wakati mwingine huonyesha damu ya zamani na damu mpya pamoja.

Kilio chenyewe kina kalenda. Daktari wa watoto T. Berry Brazelton alionyesha mwaka 1962, kwa kumbukumbu zilizowekwa na akina mama wa watoto 80, kwamba kilio cha mtoto wa wiki mbili kilikuwa chini kidogo ya saa mbili kwa siku, kikapanda hadi karibu saa tatu akifika wiki sita, kisha kikashuka hadi chini ya saa moja kufikia wiki ya kumi na mbili. Mtafiti wa kilio cha watoto, Ronald Barr, na wenzake walifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi, hadi kwa jamii ya !Kung San ya kusini mwa Afrika, ambako mtoto hubebwa karibu muda wote na kunyonya mara kadhaa kwa saa. Kupanda na kushuka kulekule kulikuwepo. Vipindi vya kilio vilikuwa vifupi zaidi, lakini kilele kilikuwa palepale, mwezi wa pili. Kilio hicho kinakuja bila mpangilio, hasa jioni na usiku, kinaweza kugoma kila mbinu, na mtoto huonekana kana kwamba ana maumivu hata kama hana. Mama hajakosea kitu. Mtoto hajadekezwa. Ni umri.

Ukichora chati ya watoto wanaolazwa kwa kutikiswa, inapanda kuanzia wiki zilezile na kufika kilele wiki chache baada ya kilele cha kilio, karibu na mwezi wa tatu, kisha inashuka. Magonjwa machache sana yanatuambia mapema namna hii yatakuja lini. Tunajua wiki, tunajua kichochezi, tunajua hata saa za siku. Mtu angetarajia kinga yake iwe nyepesi.

Basi tuone ni nani anayekuwa na mtoto saa hizo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 uliochambua watoto 127 ulipata kwamba walioshukiwa au kuthibitika kuumiza walikuwa baba kwa asilimia 37, mpenzi wa mama kwa asilimia 20.5, yaya wa kike kwa asilimia 17.3, na mama kwa asilimia 12.6. Tafiti zilizofuata zimebadilisha namba kidogo, lakini sura ni ileile: wanaume ndio wengi, ilhali mama ndiye anayekaa na mtoto kwa saa nyingi zaidi. Tukipima kwa saa za kukaa na mtoto, pengo linazidi kupanuka.

Sisemi haya kuwatia wanaume doa. Nasema ili tuone jinsi huduma zetu zilivyopangwa. Kliniki ya ujauzito ni ya mama. Wodi ya wazazi ni ya mama. Chanjo, mama. Nesi akieleza habari za kilio, anamweleza mama, na anatumaini mama atafikisha. Mpenzi mpya aliyehamia miezi miwili iliyopita hana hata jalada la kuandikwa jina lake. Mwezi Septemba 2021, jopo la taifa nchini Uingereza linalopitia kesi nzito za ulinzi wa watoto lilitoa ripoti juu ya watoto wa chini ya mwaka mmoja walioumizwa na wanaume waliokuwa wakiwalea, na hitimisho lake kubwa lilikuwa hilo: wanaume hao hawakuonekana na huduma. Hakuna aliyewauliza wanalalaje, wana hasira kiasi gani, au kama wamewahi kubeba mtoto mchanga kabla ya huyu.

Ushahidi wa kinga yenyewe una mabonde na milima, na wanaharakati wengi hupenda kutaja milima tu. Mlima maarufu uko magharibi mwa jimbo la New York. Kuanzia Desemba 1998, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo Mark Dias na wenzake waliwapa wazazi maelezo wodini kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na kuwaomba wote wawili watie sahihi kwamba wameyapata. Katika miaka mitano na nusu, kiwango kilishuka kutoka watoto 41.5 hadi 22.2 kwa kila vizazi hai 100,000. Punguzo la asilimia 47. Angalia pia sahihi: katika fomu zilizorudi, asilimia 96 zilikuwa na sahihi ya mama, na asilimia 76 zilikuwa na ya baba au anayekaa nafasi ya baba. Hicho ni kiwango kikubwa cha kumpata baba kuliko programu nyingi za afya ya mtoto zinavyoota kukipata, na sidhani ni bahati tu kwamba matokeo yalikuwa yale.

Kisha bonde. Mpango huohuo ukapanuliwa jimbo zima la Pennsylvania, ukafikia wazazi zaidi ya milioni moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, Dias mwenyewe akiwa mwandishi wa kwanza, hayakuonyesha kupungua kwa watoto waliolazwa. North Carolina nayo ilieneza mpango mwingine, uliojengwa juu ya kazi ya Barr kuhusu kilio, na uchambuzi wa mwaka 2015 haukupata punguzo la watoto walioumia, ingawa simu za wazazi kwa manesi kuhusu kilio zilipungua kwa asilimia 20. Lakini mpango huo wa kilio, ulipopelekwa British Columbia nchini Kanada, uliambatana na kupungua kwa asilimia 35.

Wapo wanaosoma matokeo haya na kusema elimu haifanyi kazi. Wengine wanashikilia New York na Kanada na kunyamazia mengine. Mimi nasoma hivi: karatasi inamaliza ujinga, na ujinga haukuwa tatizo kubwa. Mzazi gani asiyejua kwamba kumtikisa mtoto mchanga kwa nguvu ni hatari?  Baadhi ya wanaoungama husema akili iliruka. Kumwambia mtu jambo analolijua, wodini, siku ambayo mtoto analala saa kumi na sita na hajaanza kulia, ni kumpa mwavuli wakati wa kiangazi na kumtegemea aukumbuke mvua ikinyesha. Wiki ya sita atakuwa hajalala, na karatasi iko chini ya droo.

Kinachobadilisha hesabu, naamini, ni kuwepo kwa mtu wa pili. Jimbo la California lilianza kutoa likizo ya uzazi yenye malipo mwaka 2004, kwa baba na mama. Watafiti walipolilinganisha na majimbo saba yasiyo na sheria hiyo, mwaka 2016 waliripoti kwamba watoto waliolazwa kwa jeraha hili walipungua California. Hakuna aliyepewa kipeperushi. Walipewa muda. Upande wa pili wa sarafu ni mdororo wa uchumi wa 2007 hadi 2009, ambapo katika maeneo manne ya Marekani kiwango kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilipanda kutoka 8.9 hadi 14.7 katika 100,000. Na hiyo ndiyo miaka ambayo North Carolina ilikuwa inasambaza mpango wake.

Mtu makini ataniuliza kuhusu janga la UVIKO-19, maana uchumi uliyumba na watu walifungiwa ndani. Hospitali moja kubwa ya watoto London iliripoti ongezeko katika mwezi wa kwanza wa zuio la kutoka nje, ingawa walikuwa watoto kumi tu. Hospitali nyingi za watoto nchini Marekani, zikihesabiwa pamoja, zilionyesha kupungua. Moja ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba watu wazima wengi zaidi walikuwa nyumbani, hivyo wa kupokezana naye alikuwepo. Siwezi kujenga nyumba juu ya maelezo hayo peke yake. Ila yanaelekea kulekule.

Nigusie mabishano ya mahakamani kabla msomaji hajanitupia. Mwaka 1971, daktari wa Uingereza Norman Guthkelch ndiye aliyeandika kwa uwazi kwamba kutikisa peke yake kunaweza kuvujisha damu kwenye utando wa ubongo wa mtoto, na mtaalamu wa picha za eksirei wa Marekani, John Caffey, akaendeleza hoja hiyo miaka iliyofuata. Guthkelch huyohuyo, akiwa mzee, alisema hadharani kwamba ana wasiwasi na watu wanaofungwa kwa dalili tatu za kitabibu, yaani damu kwenye utando wa ubongo, damu kwenye retina na ubongo uliovimba au kudhurika, bila ushahidi mwingine. Mwaka 2016 baraza la Sweden la kutathmini huduma za afya lilisema ushahidi wa kutumia dalili hizo tatu kama uthibitisho ni hafifu. Vyama vingi vya madaktari wa watoto vililipinga, navyo vilitoa tamko la pamoja mwaka 2018. Kuna watu waliofungwa kwa makosa, na kuna magonjwa ya damu na ya kimaumbile ambayo daktari lazima ayaondoe kwanza kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Lakini hilo ni suala la nani ahukumiwe kwa jeraha lililokwisha kutokea. Hakuna upande katika ugomvi huo unaosema kumtikisa mtoto mchanga ni salama.

Basi kinga iweje? Kwanza, ruhusa. Mlezi yeyote anahitaji kuambiwa, kwa maneno yasiyo na kona, kwamba anaruhusiwa kumweka mtoto chini na kuondoka. Ukishahakikisha hana njaa, hajalowa, hana homa, nguo hazimbani, hana uzi uliomzunguka kidole, na bado analia, na wewe unahisi meno yanasagana, mlaze chali kwenye kitanda chake, pasiwe na mito wala mablanketi mazito, funga mlango, nenda chumba kingine. Dakika tano, kumi. Nawa uso. Mpigie mtu simu. Rudi umwangalie, na kama bado hujatulia, toka tena. Mtoto hafi kwa kulia dakika kumi akiwa salama kitandani. Wengi huliona jambo hili kama kumtelekeza mtoto, hasa wakwe na majirani walioko upande wa pili wa ukuta, na aibu hiyo ya kusikika mtoto analia ndiyo huwabakiza watu chumbani wakati maji yameshawafika shingoni. Jirani anayegonga mlango kuuliza "kwani mnamfanya nini huyo mtoto?" angesaidia zaidi kama angesema "nipe nimshike, kalale kidogo".

Pili, ongea na mtu mwenyewe, si kwa kupitia mama. Baba aje wodini asikie kwa masikio yake, na akishindwa apigiwe. Mama akimwachia mtoto mpenzi wake, dada wa kazi, au mdogo wake wa miaka kumi na sita, amwambie kabla hajavuka mlango: atalia, huenda usiweze kumnyamazisha, ukichoka mweke chini unipigie, sitakasirika hata kama ni mara tano. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Yaya anayeogopa kufukuzwa hatapiga simu. Na mtu ambaye tayari hasira zake unazijua, anayegonga vitu, anayemwonea wivu mtoto, anayeapa kwamba mtoto huyu analia makusudi, usimwachie mtoto hata kwa muda wa kwenda dukani. Najua kwamba kwa mama anayemtegemea mtu huyo kwa kodi ya nyumba, ushauri huu ni mwepesi mdomoni kuliko vitendoni. Ndiyo maana narudi kwenye likizo na fedha.

Tatu, wakati. Maelezo ya wodini yarudiwe wiki ya pili hadi ya nne, kwa simu au kwa ziara, kabla kilio hakijafika kilele. Nesi aache kuuliza "mtoto anaendeleaje?" peke yake, maana jibu ni "mzuri". Aulize: usiku uliopita alipolia sana, wewe ulifanya nini? Na mwingine aliyepo nyumbani je? Akisikia kimya kirefu, ameshapata pa kuanzia. Aulize pia kuhusu sonona baada ya kujifungua, ambayo huwapata hata akina baba. Aangalie kwa karibu zaidi waliojifungua mapacha, njiti, au mtoto mwenye ulemavu, kwa sababu nyumba hizo zina kilio kingi na usingizi kidogo kuliko nyingine.

Limebaki moja, na linamhusu aliyekwisha kutikisa, labda jana. Kama mtoto ametapika bila kuhara, hataki kunyonya, amelegea, ngozi imepauka, anashtukashtuka mikono na miguu, pumzi inakatika, au utosi umejaa na kukaza wakati halii, usimlaze ukisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali sasa hivi, na ukifika sema maneno haya: "Alitikiswa." Ukisema ameanguka kitandani, daktari anaweza kukuamini, akampa dawa ya tumbo na kukurudisha nyumbani, na wale watoto 54 wanatuonyesha kinachofuata. Ukisema kweli, atapigwa picha ya kichwa usiku huohuo, ataangaliwa macho, pumzi yake itasimamiwa kabla haijakatika. Utaulizwa maswali magumu, na huenda polisi na maofisa wa ustawi wa jamii wakaitwa. Daktari hana njia nyingine ya kujua atafute nini ndani ya kichwa ambacho kwa nje hakina hata mkwaruzo.